Pikipiki ya Marehemu

Mpira wa mafuta ulimvunjikia fundi mkononi kama bua kavu. Akautupa kwenye debe la takataka, akamwambia Muuguzi kwamba mpira wa zamani hauonewi huruma. Nje unaweza kuonekana mzima, kumbe ndani umeshapasuka.

Muuguzi alikuwa ameketi juu ya kreti la soda, bado amevaa sare za kazini. Pikipiki ile aliileta vipandevipande, magunia kwa magunia, kutoka stoo ya nyumbani kwao. Ilikuwa ya baba yake. Baba alikufa yeye akiwa bado ananyonya, akazikwa kwa watu wake, mbali, na hakuna siku mama alimpeleka kaburini. Kila alipoomba, safari ilipata sababu ya kuahirishwa: mara mvua, mara ada ya shule, mara mgongo. Sasa alikuwa mtu mzima, tena yuko karibu kuanza likizo. Angekwenda mwenyewe, na angekwenda kwa pikipiki ya baba.

Mama alipoona magunia yanatolewa alikasirika mpaka akalia. Alisema asiyekuwapo na lake halipo, pikipiki ikauzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, yaishe. Muuguzi hakuwa amewahi kumwona mama yake akilia, lakini magunia aliyabeba vilevile.

Mafundi wawili walichungulia ndani ya magunia wakacheka. Wa tatu alikuwa mzee mgeni, aliyefungua kibanda nyuma ya soko mwaka huohuo. Kwa jinsi alivyofanya kazi bila papara, watu walimwita Taratibu. Huyu hakucheka. Alilitoa tangi, akalifuta vumbi kwa kiganja, kisha akasema, "Iache."

Tangu hapo Muuguzi akawa anapita kibandani kila atokapo kazini. Taratibu hakutaka akae tu; alimpa kazi. Alimfundisha kulainisha ncha ya mpira kwenye maji ya moto, kuusukuma mpaka ufike, ndipo abane klipu. Mpira mnene ulitoka kwenye koki chini ya tangi kwenda kwenye kabureta. Fundi aliukata kwa jicho tu, bila kupima, nao ukaenea barabara.

Ule mwembamba wa hewa Muuguzi aliuona hauna maana, maana haupitishi kitu.

"Huo ndio watu huusahau," Taratibu alisema. "Tangi lisipopata hewa, mafuta hayashuki. Utazimikiwa katikati ya pori na tangi limejaa."

Akamwonyesha kuupitisha nyuma ya injini, mbali na ekzosi, bila kuukunja popote.

Huku mikono ikifanya kazi, walizungumza. Aliyoyajua Muuguzi kuhusu baba yake hayakujaza kiganja. Picha hakuwa nayo hata moja. Zilipotea walipohama, ndivyo alivyoambiwa. Fundi aliuliza kama mama aliolewa tena. Hakuolewa. Akauliza kama bado anaogopa kupanda pikipiki. Muuguzi akacheka, akasema anaiogopa kuliko nyoka. Fundi akainama kutafuta klipu iliyoanguka, akachelewa sana kuipata.

Lakini kazi haikuisha. Leo fundi angesema mpira umelegea, kesho angefungua kabureta aliyoisafisha juzi. Likizo ikaanza, ikawa inayoyoma. Muuguzi alivumilia mpaka siku alipokuta tangi limeshushwa tena, na mipira yote miwili iko chini.

"Fundi, baba yangu ananisubiri."

"Mwanangu, waliokufa hawana haraka."

"Mimi ninayo." Muuguzi alilitazama tangi lililoshushwa. "Wagonjwa wangu wanapokata roho nawashika mkono. Wa baba sijui hata kama kuna aliyeushika. Nataka nikae pale kaburini nimwambie tu kwamba nimekua."

Taratibu alisimama na spana yake kama mtu aliyesahau kilichomleta. Halafu akapiga magoti, akarudisha tangi, akachomeka mpira wa mafuta, akachomeka wa hewa. Klipu ikamshinda, ikabidi Muuguzi amfungie. Akamwambia aje asubuhi, ataikuta tayari.

Asubuhi Muuguzi alifika na begi mgongoni. Pikipiki ilikohoa, ikazima, ikakohoa tena, kisha ikatulia, ikanguruma sawasawa. Muuguzi alilishika tangi kwa mikono miwili, akalia waziwazi, bila kujificha. Fundi aligeuza uso. Alisema moshi umemwingia machoni, ingawa moshi ulikuwa ukienda upande mwingine.

Alikuwa akimweleza njia, wapi barabara ni mbovu na wapi asiendeshe mvua ikinyesha, mama alipotokea kwenye kona ya soko, kitenge kimefungwa vibaya, anahema. Alikuwa amekuta kitanda cha mwanawe hakina mtu. Tangu magunia yatoke stoo hakuwahi kukanyaga kibandani, wala hakutaka hata kusikia fundi anaitwa nani.

Muuguzi alimkimbilia, akamshika mkono, akamvuta mpaka mbele ya kibanda. Alifurahi hata hasira za mama hakuziona.

"Sikiliza, mama. Sikiliza inavyonguruma. Ni kama amerudi."

Mama hakuitazama pikipiki. Alimtazama yule mzee aliyesimama nyuma yake, tambara la mafuta mkononi, mpaka mzee akainamisha kichwa.

"Tulikubaliana kwamba umekufa," mama akamwambia.