Maswali ya Fundi wa Makochi

Fundi wa makochi alikuwa amebana misumari midomoni na nyundo iko hewani, Mama Mwavuli alipomuuliza wafu wako wapi.

"Mmh," akajibu.

"Itoe kwanza hiyo, mdogo wangu, usije ukaenda kuwaona mwenyewe."

Fundi akaitema kiganjani, akacheka hadi springi za kochi zikamwitikia.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Kila Jumanne Mama Mwavuli alikuja na mwavuli wake mweusi, jua liwake au mvua inyeshe, akatafuta kiti ambacho hakijang'olewa kitambaa, akafungua Biblia magotini na kumfundisha. Kwa watu wake, wafu wamelala fofofo mpaka siku ya mwisho, na kubatizwa ni kuzamishwa mzimamzima, kuanzia nywele hadi visigino.

"Basi marehemu mume wangu hajabadilika," alisema Fundi. "Hata alipokuwa hai, kumwamsha ilikuwa kazi."

Alhamisi ilikuwa zamu ya Mwalimu, mstaafu wa shule, suti imenyooka, viatu vinang'aa. Yeye alitoka kanisa jingine. Kwa watu wake, wafu wako macho na wanatuona, na matone machache kwenye paji la uso yanatosha.

Fundi akageuka kutazama nyuma yake. "Ananiona hata nikila kitandani?"

"Hapo hasa," Mwalimu akasema kwa uso mkavu. Kisha uso ukamshinda, akacheka.

Aliwapenda wote wawili. Tangu amzike mumewe, karakana ile ilikuwa na sauti ya nyundo tu. Sasa Mama Mwavuli alimfagilia vumbi la sponji bila kuombwa, naye Mwalimu alimshikia upande wa pili wa kochi, suti na tai juu. Hakuwahi kumtajia mmoja habari za mwenzake. Angeanzia wapi? Mtu ameketi kwako, anakunywa chai yako kwa raha zake, utamwambiaje kwamba kikombe hicho kina mwenyewe mwingine siku ya Alhamisi?

Shida ilikuwa moja: walimu wanapenda maswali, naye hakuwa nayo. Akili yake ilikuwa ya mbao na vitambaa. Basi akajitafutia njia. Aliyofundishwa Alhamisi akayauliza Jumanne, ya Jumanne akayauliza Alhamisi.

"Dada, kama wafu wamelala, mbona yule tajiri wa kwenye Maandiko alikuwa anaomba maji huko aliko? Aliyelala anasikia kiu?"

Mama Mwavuli aliinua macho kutoka kwenye Biblia. "Nani kakwambia hivyo?"

"Nawaza tu, dada. Nikipiga misumari."

Ikafika Alhamisi.

"Mwalimu, kama matone yanatosha, Yohana alihangaika nini kuwaingiza watu mtoni? Si angebeba kikombe?"

Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Hilo umelitoa wapi, Fundi?"

"Kichwani tu, Mwalimu."

Ee, alinogewa! Wiki kwa wiki akawa anabeba hoja huku na huko kama mchukuzi sokoni, mgongo wake, mzigo wa watu, na ndani ya gunia hajui mna nini. Mama Mwavuli akaanza kumwambia, "Rudia hilo, taratibu." Mwalimu akaanza kusahau chai mpaka ikapoa. Siku nyingine aliondoka bila kuaga, akizungumza peke yake, akampita mbuzi barabarani na kumpa shikamoo.

Hapo Fundi akaingiwa na hofu. Kumbe makanisa yote mawili yangebatiza Jumapili ileile, asubuhi ileile. Atakakokwenda atampata mmoja na kumpoteza mwingine, maana nani atarudi kunywa chai na mtu aliyemkimbia siku kama ile?

Jumanne ya mwisho Mama Mwavuli hakufungua hata kitabu. Alimshika mkono, machozi yanamlenga. "Jumapili tutaonana, mdogo wangu. Mahali unapajua."

Alhamisi naye Mwalimu akasimama mlangoni. "Jumapili, Fundi. Wewe huna haja ya kuelekezwa."

Jumapili ilipofika, Fundi alivaa gauni jeupe alilojishonea kwa kitambaa cha mapazia, akasimama kwenye njia panda kama mtu aliyesahau kwake. Kulia kengele inalia, kulikokuwa kwa Mwalimu. Kushoto nyimbo zinavuma, kulikokuwa na birika la kubatizia la kina Mama Mwavuli. Akapiga hatua kulia, akarudi. Akapiga kushoto, akarudi. Mpita njia akamuuliza kama anacheza ngoma.

Mwishowe aliyefagia vumbi alimshinda aliyebeba kochi, tena kwa unywele. Fundi akapinda kushoto huku anamwomba Mwalimu msamaha kimoyomoyo. Akafika birikani mbio, akaanza kuusaka ule mwavuli mweusi kati ya watu. Haukuwepo.

Majini, mchungaji alikuwa anamwinua mzee mmoja anayekohoa, kanzu nyeupe imemganda mwilini, macho anayafinya kama popo aliyetolewa nje mchana.

"Mwalimu?"

"Fundi!" Mzee akatoka anachuruzika, akamkumbatia na kumlowesha chapachapa. "Nilijua nitakukuta hapa! Kwa maswali yale, ungekuwa wapi kwingine? Umenishinda, mama. Umenishinda mchana kweupe!"

Hapohapo simu ya Fundi ikalia mkobani. Alikuwa Mama Mwavuli, anahema kwa furaha, na nyuma yake kengele zinalia.

"Mdogo wangu, mbona huonekani? Njoo upesi, nimekuwekea nafasi benchi la mbele, na paji langu la uso bado halijakauka!"