Programu Iliyomgawa Kiboko

Nyegere, asiyejua kusubiri, alitaka kupanga viti vya harusi ya bintiye. Majina ya wageni yalikuwa kwenye faili moja, yametenganishwa kwa koma, hivyo akatafuta programu ya bure ya kuyasoma.

"Chukua aliyoiunda Swala, msitu mzima unaisifu kwa kasi," alisema Kasuku. "Ya Kobe itakuchosha. Kwenye kila koma inauliza: hii ni ya jina au ya kutenganisha?"

Nyegere akachukua ya Swala. Harusini, mgeni aliyejiandika "Kiboko, Bwana wa Mto" alikuta amepangiwa viti viwili, kimoja mlangoni, kingine jikoni.

"Nikae nusu nusu?" akanguruma.

Nyegere akamvaa Swala. "Hivi programu yako mwenyewe huitumii?"

"Niitumie ya nini, ndugu yangu?" Swala akashangaa. "Mimi natumia ya Kobe."