Ulimi wa Mama Fides

Mama Fides anasema kuku wake alikuwa amelalia mayai kumi na mawili, zimebaki siku tatu vifaranga vitoke, ndipo Ikupa akaanza kupiga fidla upande wa pili wa ukuta. Kuku akanyanyuka. Akatazama huku, akatazama kule, akatoka mlangoni kama mtu aliyeitwa msibani, na mpaka leo hajarudi.

Hayo aliyasema bombani, mbele ya wanawake wanane wenye ndoo. Wote wanane walicheka. Ikupa, wa tisa, aliinama akajifanya anasuuza dumu.

Kilichomuuma si kuku. Mama yake alipofariki, Mama Fides ndiye aliyemfunga kitambaa kichwani, akamfundisha kusonga ugali, akamwambia, "Kuanzia leo ukitaka kulia, uje ulilie kwangu." Leo mtu huyohuyo hakosi neno.

"Ikupa, vidole hivyo ni vya kupukuchua mahindi!"

"Ikupa, unampiga nani humo ndani? Mwache apumzike!"

Na malori ya kwenda mpakani yanapiga honi kutwa nzima hapo barabarani, Mama Fides hajawahi kulalamikia hata moja.

Jioni baba yake Ikupa, mzee Gwalugano, husimamisha cherehani na kuuliza, "Leo kasemaje?"

Ikupa humweleza neno kwa neno. Mzee hutikisa kichwa.

"Watu ndio walivyo, mama," humwambia, maana ndivyo alivyozoea kumwita binti yake. "Na wewe je? Unaendelea tu?"

"Naendelea, baba."

"Haya." Kisha humpa sindano amtungie uzi, kwa kuwa macho yake hayaoni tena tundu. Nyumba ile ina watu wawili tu.

Mzee ndiye aliyeshona mfuko wa fidla, wa kitambaa kizito cha bluu, akatandika pamba ndani. Fidla yenyewe ni ya kanisa. Mwalimu Yesaya wa kwaya aliwagawia mabinti watatu, akasema Jumapili ya sikukuu ya mavuno atawasikiliza, na mmoja ataondoka naye kwenda Mbeya kusoma muziki miaka miwili. Ikupa aliishia darasa la saba. Mlango mwingine wa kurudi shule hajauona.

"Nikichaguliwa, baba, utaniruhusu?"

"Nilishawahi kukukatalia nini?"

Kweli, hakuwahi. Mzee hana ubavu wa kumwambia mtu hapana. Mwaka jana watu walivuka mpaka kutoka Nakonde kuja kumposa Ikupa, lakini yeye hakumtaka kijana wao. Mzee aliwapa wageni soda, akacheka nao vizuri, kisha akazunguka uani kumtuma Mama Fides. Kwao neno zito halitoki kinywani mwa mwenye nyumba. Hutafutiwa mtu wa kulifikisha. Dakika kumi hazikupita, wageni walikuwa wanatafuta viatu vyao. Ikupa alicheka sana siku ile. Hakujua kwamba ulimi uleule utakuja kumgeukia.

Basi akatafuta namna ya kuishi nao. Mama Fides akisema fidla inakwaruza kama sufuria lililoungua, Ikupa analegeza mkono wa upinde. Akisema wimbo unakwenda kama mtu anayekimbizwa na mbwa, Ikupa anaanza upya, taratibu, akihesabu kwa mguu. Kila tusi akalitolea jasho, likawa somo. Akaanza kuusikia wimbo ukinyooka.

Neno moja tu lilimshinda.

"Nota zenyewe unaziona kama mavi ya panya," Mama Fides alimwambia juu ya ukuta, huku akianika nguo. "Utafika nazo wapi, wewe wa la saba?"

Mavi ya panya! Maneno hayo yalikuwa ya Ikupa mwenyewe. Aliyasema humo ndani, kwa sauti ya chini, akimchekesha baba yake. Kumbe ukuta wa matofali mabichi hauna siri. Kumbe mwanamke huyu sasa anatega hata sikio.

Siku mbili hakuigusa fidla. Siku hizo mbili mzee alishona huku akiimba, labda kumchangamsha. Ya tatu, Ikupa akaitoa mfukoni, akakaza nyuzi.

Jumamosi, kesho yake ndiyo mavuno, mzee alikwenda sokoni kununua vifungo. Mlango ukagongwa. Alikuwa Mama Fides, khanga mabegani, bila ndoo na bila kicheko.

"Shikamoo," Ikupa alisema. Kiti hakumpa.

"Marahaba. Nipigie huo wa kesho."

"Nikupigie ukapate la kusema bombani?"

"Nipigie wote, mwanangu. Mpaka mwisho."

Ikupa akaweka fidla begani akaupiga kwa hasira, kama anayemrudishia mtu vyombo vyake. Katikati hasira ikamwisha mkononi, ukabaki wimbo peke yake. Alipoinua macho, Mama Fides alikuwa amejifunika uso kwa upindo wa khanga.

Ndipo Ikupa akauliza lile alilolibeba miezi yote.

"Nilikukosea nini, mama?"

Mama Fides alijifuta, akasimama, akashika mlango. Alizungumza huku anatazama nje.

"Hujanikosea kitu. Baba yako akirudi, mwambie kazi aliyonituma imenishinda. Amtafute mwingine."