Kombamwiko wa Mto Kochi

Daftari lilikuwa ndani ya mtungi wa unga, limefungwa kwa nailoni. Hadijah alilipangusa, akalifungua, akaanza kusoma kwa kidole. Kizungu chake kiliishia darasa la nne, lakini neno la "wamekufa" alilijua.

Kambri, wamekufa. Siluri, wamekufa. Devoni, wamekufa. Kila jina na tarakimu zake. Si majina ya Kikakwa, si ya Kilugbara, si ya Kiacholi. Ukurasa wa pili ulizidi: Permi, karibu wote wamekufa. Wa tatu hakuufunua.

Mwandiko ulikuwa wa binti yake Sadiya, mwalimu wa sekondari hapo Koboko. Mwaka huo wa sabini na saba mtu alichukuliwa na askari kwa neno moja tu, sembuse kwa orodha. Na huyu mtoto kila Jumamosi yuko Mto Kochi, eti anaokota mawe ya kufundishia, huko huko malori ya jeshi yanakoshuka yamefunikwa turubai na kurudi matupu. Mara ngapi ameambiwa aache?

Hadijah akafunga furushi: magauni mawili, kitenge, sabuni. Jioni hiyo hiyo Sadiya angevuka mpaka wa Oraba, aende kwa shangazi yake aliyeko mji wa Kaya, ng'ambo.

Lakini njia ya Oraba ina vizuizi, na moyo wa mama ulitaka kwanza kujua ubaya una ukubwa gani. Akalichukua daftari, akaenda kwa kaka yake wa tumbo moja, Sajini Abiriga. Kabla ya jeshi, Abiriga aliwabebea vyombo Wazungu waliokuwa wakipima mawe. Kizungu anakijua.

Abiriga alisoma amesimama mlangoni. Hadijah alimtazama usoni. Abiriga akaanza kucheka.

"Dada, wewe nataka kufa bure. Hii si watu. Hii jina ya wakati ya mawe. Hii Kambri iko wadudu ya maji tu, mbele ya Adam. Ilikufa yote, nani atalia?"

"Si watu?"

"Wadudu. Kama kombamwiko."

Hadijah akacheka naye mpaka machozi yakamtoka. Abiriga akalamba kidole, akaendelea kufunua. Ukurasa mmoja wa mwishoni akaurudia. Kisha akalifunga daftari, akalitia mfukoni.

"Hii acha hapa. Mkubwa yangu napenda mambo ya mawe."

Hadijah alirudi nyumbani mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Akafungua furushi, akayarudisha magauni sandukuni, sabuni akaiweka karaini. Akabandika maharagwe.

Sadiya alipoingia, mama yake alimsimulia yote, huku akijicheka mwenyewe. "Mimi nalilia watu, kumbe kombamwiko. Mjomba wako nusura aanguke kwa kicheko."

Sadiya hakuketi. "Alisoma mpaka mwisho, mama?"

"Mpaka mwisho." Hadijah alionja chumvi, akakoroga tena. "Nimeshafika barabarani akaniita, ana mzaha yule. Anasema nikuulize: hao kombamwiko wako wa Mto Kochi, walianza lini kuvaa viatu?"