Ishirini Huku, Ishirini Kule

Kengele ya kumaliza kipindi ilikuwa imelia zamani, lakini Mwalimu Nasambu alipuliza kipenga tena. Wasichana watatu wakatoka maabara, wakapita mlango wa katikati na kuingia darasani. Watatu wengine wakatoka darasani kwenda maabara.

"Nyinyi ni molekuli," alisema. "Ishirini huku, ishirini kule. Mmenyuko wa kemikali haujasimama. Watu wanapita, idadi ndiyo haibadiliki. Huo ndio msawazo."

Kidato cha Tatu walikuwa wameelewa tangu kipenga cha tano. Somo sasa lilikuwa la kuvuta muda tu. Kwenye mlango wa maabara, ulioelekea uwanjani, alisimama Mzee Kemboi. Alikuwa amefika shuleni hapo Kitale asubuhi kumchukua binti yake, Chepchumba, akaolewe na mnunuzi mmoja wa mahindi wa Moi's Bridge, mtu mwenye matrekta mawili na wajukuu watatu. Mlango wa darasa, ulioelekea barabarani, ulilindwa na Kiplimo, mdogo wake Kemboi. Mwalimu mkuu alikuwa amewapa sharti moja, wangoje somo liishe, kisha akamtuma karani amwite chifu. Chifu hakuonekana.

"Mimi nitashika huu wa barabara," Kiplimo alikuwa amemwambia kaka yake walipofika. "Huku ndiko atajaribu kutoroka."

Kemboi aliupenda mchezo ule. Kila kipenga alihesabu vichwa kwa kidole, akaridhika, kisha akaita kupitia mlango wa katikati, "Kiplimo, kwako wangapi?"

"Ishirini," Kiplimo alijibu kila mara.

Kipenga cha kumi na sita kilimpeleka Chepchumba darasani. Kiplimo akamwita kwa kidole.

"Huyo dada ya mama yako, mwenye kukujaza maneno ati usome, si anakaa Bungoma?"

"Ndio, baba mdogo."

"Pande gani?"

Chepchumba akamtazama mwalimu wake. Nasambu akatikisa kichwa kidogo, kumsihi asiseme. Lakini msichana alikuwa amelelewa asimdanganye mkubwa.

"Nyuma ya stesheni, baba mdogo. Zile nyumba za reli."

"Sawa. Nilitaka kujua tu."

Hiyo ndiyo nyumba pekee ambamo Nasambu alitumaini kumficha mtoto huyo, na sasa walijua pa kumfuata. Alimchukia yule mwanamume kimyakimya, akajichukia na yeye mwenyewe kwa kuwa hana silaha nyingine ila kipenga.

"Madam," Kemboi akaita kutoka maabara, "hii masomo yako haiishi?"

"Bado kidogo, mzee."

Akaingia maabara kumtuliza, akamweleza upya habari ya watatu kwenda na watatu kurudi. Kemboi akahesabu vichwa vyake. Ishirini.

"Kiplimo, kwako wangapi?"

Safari hii jibu halikuja mara moja. Nasambu akageuka, akachungulia darasani, asimwone Chepchumba. Kiplimo alikuwa amesimama palepale mlangoni, jasho likimtoka, akiwahesabu wasichana kwa sauti, mmoja mmoja, bila haraka yoyote.

"Kumi na nane. Kumi na tisa."

Akajigusa kifua. "Ishirini."