Kichupa cha Pili

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, fomu arobaini na moja zilikuwa juu ya meza ya mwalimu. Arobaini zilikuwa na sahihi ya mzazi. Moja ilikuwa na neno moja tu, kwa kalamu nyekundu: Hapana.

Muuguzi aliiweka pembeni kifudifudi. Kwa miaka tisa alikuwa akiwachanja wasichana wa shule hii dhidi ya virusi vinavyoleta saratani ya shingo ya kizazi, na hakuwahi kurudi zahanati na fomu kama ile. Aliona haya, kana kwamba ameanguka mtihani alioutunga mwenyewe.

Alikagua boksi la barafu: vichupa arobaini na kimoja, kila kichupa dozi moja. Kisha akaita foleni.

Binti wa kwanza alikuja mbio, mkono wa sweta umeshakunjwa hadi begani.

"Taratibu, bibi harusi!" muuguzi akamwambia. "Nani anakuharakisha hivyo?"

Foleni ikaangua kicheko. Muuguzi naye akacheka. Mzaha ule huwatoa watoto hofu ya sindano. Binti akateremsha mkono wa sweta, akaomba ruhusa akanywe maji. Wa pili akasogea.

Saa sita na nusu kazi ilikwisha. Kilitakiwa kubaki kichupa kimoja. Vilibaki viwili. Muuguzi akaona labda asubuhi alihesabu vibaya. Angelinganisha na daftari la chanjo akirudi shuleni. Kwanza ile Hapana. Mwenye fomu, binti wa miaka kumi na miwili, alikuwa amekaa peke yake benchi la nyuma asubuhi nzima. Analelewa na dada yake, msusi, mitaa miwili kutoka shuleni.

Saluni ilikuwa na viti vitatu, vyote vina watu. Msusi, mwanamke wa miaka ishirini na miwili, alimtazama muuguzi kupitia kioo. Hakugeuka, wala vidole vyake havikusimama.

"Karibu, nesi," akasema mteja wa kiti cha kati. "Na sisi mama zao je, hatuna sindano yetu?"

"Wewe, mama, njoo upimwe shingo ya kizazi. Nakusubiri tangu mwaka juzi."

Wakacheka. Mteja wa dirishani akadakia, "Mama mkwe wangu anasema inafunga kizazi."

"Haifungi. Wameshachanjwa mamilioni, na wanazaa."

"Haya, na wanaosema ni ya wale wa kuanza mambo ya wanaume mapema? Ukimpeleka mwanao, majirani watamwonaje?"

"Virusi havimwulizi mtu tabia yake," muuguzi akajibu. Alilipenda jibu lile. Akamgeukia msusi. "Unasikia, mwanangu? Usimnyime mdogo wako kinga kwa sababu ya maneno ya watu. Maneno hayaui."

Msusi alimaliza msuko aliokuwa nao mkononi, akaubana. Akafungua droo ya vitana, akatoa kadi mbili za chanjo, akampa muuguzi ya kwanza.

Ilikuwa ya mdogo wake. Tarehe ni ya mwezi uliopita, na mhuri ni wa zahanati ya mji mwingine, mwendo wa saa tatu kwa basi.

"Kumbe ameshachanjwa," muuguzi akasema. "Sasa uliandika Hapana ya nini?"

"Chanjo naitaka, nesi. Wewe ndiye sikutaka umchome."

Akampa kadi ya pili. Ilikuwa yake mwenyewe, imechakaa kwenye mikunjo. Mstari wa chanjo ile ulikuwa mtupu.

"Mwaka ule ulipoanza kuja shuleni, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kwenye foleni," msusi akasema, kwa sauti ya chini ili wateja wasisikie. "Nilishakunja mkono wa sweta. Ukaniambia, 'Taratibu, bibi harusi, nani anakuharakisha?' Wakacheka wote. Hadi namaliza shule sikuwa na jina jingine."

Muuguzi alitaka kuuliza kama kweli ni yeye aliyeyasema maneno yale. Badala yake alirudisha kadi, akaagana na wateja kwa ishara ya kichwa, akabeba boksi lake.

Saa nane na dakika tano alikuwa tena shuleni. Wanafunzi walikuwa wameshakwenda nyumbani, na mfagizi alikuwa akipandisha viti juu ya madawati. Muuguzi alifungua daftari. Mbele ya jina la binti wa kwanza kwenye foleni kulikuwa na alama kwamba mama ameweka sahihi. Nafasi ya dozi ilikuwa wazi.