Mguu wa Kushoto wa Sudi

Bi Mwanakombo alikishika kikapu chake kwa mikono miwili. Ndani ya kibanda cha gemu, Hamdani, mwenye kibanda, alikuwa akichomeka mashine mpya.

“Usiwe na wasiwasi, mama Sudi. Gemu ni ile ile, na mchezaji wa Sudi nimemhamishia humu. Ila sasa picha itakuwa safi, na haitakwamakwama tena.”

Kabla ya kufariki, Sudi, mwanawe Bi Mwanakombo, alijitengenezea mchezaji kwenye gemu hiyo ya mpira, akampa jina lake na jezi namba tisa. Kila Ijumaa mama alipita kumtazama. Mashine ya zamani ilikuwa ikikwamakwama, na mchezaji alikimbia kwa kusitasita, kama Sudi mwenyewe alivyochechemea, akiburuta mguu wa kushoto. Mama hakuwahi kumwambia mtu kwamba mwendo huo ndio aliokuwa akiufuata.

Runinga ikawaka. Nyasi za uwanja zilionekana unyasi mmoja mmoja. Sudi akapokea mpira, akageuka, akakimbia sawasawa kama wenzake.

“Umemwona, mama?”

Bi Mwanakombo aliinama karibu na kioo, akaukazia macho ule mguu wa kushoto, akausubiri ukwame.